Keja ni ndogo, lakini mtoto lazima acheze

UKIPITA Pipeline, Embakasi, inua macho. Katikati ya nguo zilizoanikwa utaona vichwa vya watoto vikichungulia kupitia vyuma vya dirisha. Chini kuna bodaboda, mitaro na mikokoteni. Uwanja hakuna, lendilodi alijenga hadi mwisho wa ploti.

Basi watoi wanashinda ndani. Na keja yenyewe mara nyingi ni chumba kimoja cha futi 10 kwa 10: kitanda, kochi, televisheni, jiko la gesi na mitungi ya maji. Mtoto akiruka, anaambiwa atulie. Akilia, anapewa simu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa kati ya mwaka 1 na miaka 4 anahitaji angalau dakika 180 za kuchangamsha mwili kila siku. Skrini isizidi saa moja, na aliye chini ya miaka 2 asiwekewe kabisa. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inatambua kucheza kama haki. Haijasema haki hiyo ni ya watoto wa Karen pekee.

Kwenye mall kuna sehemu za kuchezea, lakini unalipia, na wazazi wengi hukaa pembeni wakibonyeza simu. Nyumbani unaweza kufanya vizuri zaidi ukijua pa kuanzia.

Ondoa hatari kwanza

Kwa sababu ya mgao wa maji, wengi wetu tunaweka ndoo ndani. Mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama kwenye ndoo, hata kama maji ni kidogo. Funika kila ndoo kwa kifuniko kinachokaza. Kitanda au kochi lisikae chini ya dirisha, maana hiyo ni ngazi. Televisheni ifungwe ukutani, na kona ya mchezo iwe mbali na jiko.

Kuhusu vitu vya kuchezea, kuna kipimo rahisi. Kitu kikipita ndani ya kile kigurudumu cha katikati ya tishu, mtoto wa chini ya miaka 3 anaweza kukimeza na kukabwa. Bano na vifuniko vya soda viwekwe juu, vingoje akue.

Kisha fungua sakafu

Usikimbilie kununua vitu. Mtoto anataka nafasi kwanza. Meza ya katikati ndiyo hula sakafu nyingi. Isukume kando kila jioni. Tandika mkeka, na chini yake blanketi kuukuu ili jirani wa chini asigonge dari kwa ufagio. Mpira wa soksi hauvunji glasi wala hauna kishindo, na kati inachezeka hapo hapo. Shuka ikitoka kitandani hadi kwenye kochi, tayari una nyumba ya kalongolongo. Mchezo ukiisha, kila kitu kinarudi kwenye katoni moja chini ya kitanda.

Mzazi naye akae wapi?

Hapa ndipo wengi wanakosea. Wanamtengea mtoto kona, halafu wao wanabaki kwenye kochi. Weka mto wa kuegemea ukutani, hapo hapo mkekani, mahali ambapo mathe au buda aliyesimama kwenye matatu saa nzima anaweza kunyoosha miguu. Akiwa ameketi vizuri, atakaa. Akiumwa na mgongo, dakika tano ni nyingi.

Na si lazima aruke. Anaweza kuwa mteja kwenye duka la katoni, mgonjwa wa daktari, au mlima wa kupandwa. Mtoto hahitaji zaidi ya hapo.

Leo jioni, kabla ya kuwasha televisheni, sukuma ile meza. Uone nani atawahi mkekani.