Ndege Aliyekosa Shimo

Sheria ya kulinda wanyama ni kitu kizuri, lakini mnyama hakai ndani ya sheria, anakaa mahali. Leo nataka kulieleza jambo hili kwa habari za ndege wa baharini aitwaye kahau, ambaye huzaliana katika visiwa vya Bermuda, huko Bahari ya Atlantiki, na si kwingineko duniani.

Jina lake limetokana na mlio wake wa usiku. Mabaharia wa zamani waliousikia walidhani ni sauti za mashetani, wakavipita visiwa vile kwa mbali. Waingereza walipohamia huko mwaka 1612 mambo yakageuka. Nguruwe walikuwa wamekwisha tangulia, wakifukua mashimo na kula mayai. Baadaye wakaongezeka panya, paka na mbwa. Wakazi wenyewe, njaa ilipowabana, walimla kahau bila hesabu, maana hakujua kumwogopa mtu. Gavana akatoa amri ya kukataza maangamizi hayo. Haikufaa kitu. Kwa zaidi ya miaka 300 ikaaminika kwamba kahau amekwisha.

Mwaka 1951 akapatikana tena, kwenye visiwa vichache vidogo vya mwamba. Mmoja wa waliokuwapo alikuwa mwanafunzi wa miaka 15, David Wingate, ambaye baadaye aliifanya kazi hii kuwa ya maisha yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilihesabiwa jozi 18, yaani ndege 36 wa kuzaa. Nina hakika wapo wasikilizaji wangu wenye kuku zaidi ya hao.

Sasa, kwa nini hawakuongezeka, na hakuna tena aliyewala? Kahau kwa asili huchimba shimo lake katika udongo. Kwenye miamba ile udongo ni haba, basi akalazimika kuingia katika mapango madogo ya majabali, ambayo yana mwenyewe: ndege mweupe mwenye mkia mrefu kama utepe. Kahau hutaga yai moja tu kwa mwaka, mwezi wa Januari. Mkia-mrefu hurudi kutoka baharini mwezi wa Machi, anakuta kinda ndani na wazazi wamekwenda kutafuta chakula. Humwua, akatwaa nyumba. Sioni haki kumlaumu. Naye anadai chake.

Dawa yake ilikuwa kibao. Mlangoni mwa shimo kiliwekwa kibao chenye tundu lililopimwa kwa makini sana, kahau apite na mkia-mrefu, aliye mkubwa kidogo, akwame. Kisha yakajengwa mashimo ya saruji, yenye njia ndefu ya giza na chumba mwishoni, na kifuniko cha kuinua ili kinda akaguliwe. Nadhani fundi mwashi alimsaidia kahau kuliko gavana.

Lakini miamba ile ni ya chini, na kimbunga cha Fabian mwaka 2003 kilibomoa mashimo mengi. Ikaonekana lazima wahamie kisiwa cha Nonsuch, kirefu zaidi, ambako Wingate alikuwa ameotesha upya miti ya asili. Hapo pana ujanja mmoja. Kahau hukariri mahali anapotokea shimoni kwa mara ya kwanza, na akikua hurudi hapo hapo kuzaa. Kwa hiyo, kati ya 2004 na 2008, makinda zaidi ya 100 yalihamishwa kabla hayajatoka nje, yakalishwa samaki na ngisi kwa mkono, yakarukia baharini kutoka Nonsuch.

Mwaka 2009 kinda wa kwanza aliyezaliwa Nonsuch aliruka. Leo jozi zote zimepita 150. Kazi lakini haijesha, kwa sababu panya huweza kuogelea kutoka kisiwa cha jirani, na kibao kilichooza hakina budi kubadilishwa kabla mkia-mrefu hajarudi.