MKWECHE WA KUFUFUA PAMOJA NA MTOTO: CHAGUENI KWA MAKINI



Katika ziara zetu vijijini, kutoka Mutomo na Zombe mpaka pande za Mbooni na Kathonzweni, kuna kitu tunachokiona katika boma nyingi: gari kuukuu limeegeshwa chini ya mwembe, matairi yamelala, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Mwenyewe alifariki, au pesa ziliisha, au injini iligoma na hakuna aliyeishughulikia tena. Na mara nyingi katika boma hilohilo kuna kijana aliyemaliza Kidato cha Nne, ameketi kando ya barabara na simu mkononi. Kuna pia baba aliyestaafu kazi Mombasa au Nairobi, akarudi kwa watoto ambao kwa miaka mingi walimwona Krismasi tu. Hawa wawili hawana la kuzungumza.

Tumeona familia kadhaa zikijaribu kufufua gari la namna hiyo, mzazi na mtoto pamoja. Nyingine zimefaulu. Nyingine zimepoteza pesa na kuzidisha ugomvi. Kwa maoni yetu tofauti kubwa haikuwa ujuzi wa spana, ilikuwa ni gari lipi walilochagua.

Baba mmoja wa Makueni alikuja ofisini kwetu na pesa za kustaafu bado mfukoni. Alikuwa ameona Land Rover ya zamani karibu na Sultan Hamud, na alitaka kuinunua atengeneze na kijana wake, kwa sababu (alisema mwenyewe) huyo kijana alikuwa amefunga begi tayari kwenda Nairobi, na hapakuwa na mtu anayemngojea huko. Tulimwambia aachane na magari, alipe kwanza karo ya wasichana wake wawili. Kuhusu karo tulikuwa sawa. Kuhusu kuachana na magari tulikosea, na hilo tulilijua siku tuliyomtembelea kijana. Yeye hakuitaka ile Land Rover. Alitaka Peugeot 504 pikapu ya marehemu babu yake, iliyokuwa imesimama nyuma ya jiko la nyanya, ile iliyokuwa ikipeleka maembe na watu sokoni Wote alipokuwa mdogo. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Basi jambo la kwanza ni hilo: mwulizeni mtoto. Gari ambalo baba amelichagua peke yake litakuwa kibarua cha baba, na mtoto atakuwa wa kutumwa spana. Na tusiseme ni mambo ya wavulana. Binti anayeweza kufungua cherehani ya mama yake na kuirudisha ataiweza kabureta.

Jambo la pili ni spea, na hapa yafaa kujua historia kidogo. Peugeot 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968. Pikapu yake ilikuja mwaka 1979, na hapa Kenya iliendelea kuunganishwa mpaka mwaka 2004, miaka mingi baada ya wenyewe Ufaransa kuacha. Wazee wanakumbuka pia ilivyoshinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Kwa hiyo mafundi wengi wa jua kali wenye umri wa miaka hamsini na kuendelea wamewahi kuifungua, na vipande vyake, vipya na vya kuchomoa, bado vinatafutika, kwa mfano Kirinyaga Road, Nairobi. Gari zuri sana ambalo lilikuja nchini peke yake na mzungu fulani litawashinda kwa kipande kimoja kidogo. Kabla ya kutoa hata shilingi, tajeni vitu vitano: gasketi ya silinda hedi, klachi, pampu ya maji, mipira ya breki na kioo cha mbele. Mpeni mtoto kazi ya kuuliza bei zake. Akishindwa kupata vitatu, tafuteni gari lingine.

Tatu ni kutu. Ukambani tuna bahati, maana ukame unaotutesa shambani unahifadhi vyuma. Lakini ulizeni gari liliishi wapi. Lililofanya kazi Mombasa limekula chumvi, na rangi mpya haitawaambia. Chukueni sumaku ya spika mbovu, ifungeni kwa kitambaa, ipitisheni juu ya bodi. Inapokataa kushika, hapo kuna filla badala ya bati. (Kwa Land Rover sumaku haisaidii kwa sehemu kubwa, bodi yake ni ya alumini. Hiyo iangalieni chesisi, ambayo ni ya chuma na huoza kutoka ndani huku juu kunang'aa.) Lala chini uangalie sakafu, na pale shokabsoba za mbele zinaposhika bodi, kwa maana barabara zetu hupasua hapo. Injini mbovu hutengenezwa au hubadilishwa. Bodi iliyooza itamaliza pesa kwa fundi wa kuchomelea, na mtoto hatajifunza kitu kwa kutazama.

Injini iliyokaa miaka msiiwashe kwa pupa. Toeni plagi, mwage oili kidogo katika kila tundu, mngoje siku kadhaa, kisha mjaribu kuizungusha kwa mkono na spana. Ikizunguka, tumaini lipo. Ikikataa kabisa, bei ishuke. Petroli ya zamani ndani ya tangi imegeuka gundi, imwageni mbali na moto na mbali na kisima. Nyaya huliwa na panya. Matairi ya zamani yasiwadanganye kwa meno yake marefu, mpira ukishapasuka pembeni umekwisha. Na kabla ya kuingiza mkono popote, gongeni kwa fimbo: kwetu Kitui tumeona mzinga mzima wa nyuki ndani ya mlango, na kifutu chini ya kiti.

Sasa tuje kwa makaratasi, ambapo wengi huumia. Yule kijana na baba yake walikuta pikapu ni nzima kuliko walivyodhani, lakini logbook ilikuwa kwa jina la babu. Mtu akifa, gari lake ni mirathi kama shamba. Huwezi kulihamisha mpaka kuwe na barua ya chifu, na mahakama imempa mtu usimamizi wa mali. Wajomba na baba wadogo wana sauti. Kama mngeanza kulitengeneza kimyakimya, siku litakaponguruma ndipo kila mmoja atakumbuka kwamba ni la baba yake pia. Familia hii iliketi mara tatu. Ami mmoja alitaka liuzwe kwa chuma chakavu. Nyanya ndiye aliyekata shauri, akasema gari ni la boma, wavulana hawa walitengeneze, na likipata kazi kila nyumba itabebewa mazao yake kwa zamu. Yaliandikwa, yakatiwa sahihi, ndipo wakaenda mahakamani.

Mkinunua kwa mtu mwingine, linganisheni namba ya chesisi na ya injini na zile za logbook, herufi kwa herufi, na mtafute kumbukumbu za NTSA mtandaoni kabla ya kulipa. Injini ikiwa ilibadilishwa bila kuandikishwa, mzigo huo utakuwa wenu.

Juu ya usalama hatuna utani. Hakuna anayeingia chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Wekeni magogo imara au stendi za chuma. Vumbi la breki za zamani lisipulizwe kwa mdomo, huenda lina asbesto, nalo huharibu mapafu. Lilowesheni maji kwanza. Mtoto hashiki usukani barabarani kabla ya miaka 18 na leseni.

Kwa pesa, tuliwashauri hivi, na wameshika: karo itolewe kwanza, kisha mbegu, kinachobaki ndicho cha gari, na daftari linaandikwa na kijana, si baba. Kazi inasimama Oktoba mvua zikikaribia. Mwaka wa kwanza walipata klachi na kabureta tu. Tulipopita mwezi wa Agosti tulimkuta baba amelala chini akishika tochi, na kijana akimwambia ni nati ipi asiiguse. Begi la Nairobi liko juu ya kabati, hatukuuliza.

Injini sasa inanguruma. Bado breki za nyuma, bima, na ukaguzi wa NTSA ambao pikapu haiwezi kuukwepa. Nyanya anataka safari ya kwanza iwe sokoni Wote siku ya soko. Kijana amemwambia, nyanya, ngoja kwanza breki.