Lubumbashi: Siku kumi za kuchunga mbwa aliyemuuma mtoto

Jumapili moja ya mwezi wa kumi, mtoto wa dada yangu, mwenye miaka saba, aliumwa na mbwa wetu wenyewe, hapa Katuba. Ilikuwa mchana, ndani ya parseli, mbele ya watu. Mbwa alikuwa anakula bukari yake na mabaki ya samaki, mtoto akapita karibu kutafuta mpira. Alama za meno mkononi, damu, kilio.

Hazikupita dakika tano parseli ikajaa majirani, na kila mmoja alikuja na dawa yake. Mama mmoja alileta jiwe jeusi, lile ambalo watu wengi kwetu wanalitumia kwa nyoka. Mwingine alitaka tukate nywele za mbwa, tuzichome, tupake majivu juu ya kidonda. Vijana wawili walikwisha kushika vyuma ili wamuue mbwa palepale.

Aliyetuokoa ni baba mmoja wa jirani, muuguzi wa zamani. Hakuuliza kitu. Alichukua sabuni ya kufulia, akamvuta mtoto mpaka kwenye bomba, akaosha kidonda kwa maji yanayotiririka huku akitazama saa yake, dakika kumi na tano nzima, mtoto akipiga kelele. Ndipo akatuambia mambo mawili. Mtoto apelekwe kwa munganga leo hii, asingoje kesho. Na mbwa asiuawe, afungwe.

Jambo la pili liliwashangaza wengi, na mimi pia. Nililielewa baadaye, na ndilo lililonifanya niandike haya.

Ugonjwa tuliokuwa tunauogopa ni kichaa cha mbwa, ambao wengi mjini wanauita raje. Virusi vyake viko ndani ya mate. Vikiingia kwenye kidonda, havipiti katika damu: vinatembea polepole ndani ya mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida inachukua miezi miwili au mitatu, lakini inaweza kuwa juma moja au mwaka mzima. Kadiri kidonda kinavyokuwa karibu na kichwa, ndivyo safari inavyokuwa fupi, na mtoto, kwa sababu ya urefu wake, mara nyingi anaumwa usoni au shingoni. Dalili zikishaanza, yaani kuogopa maji, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hakuna dawa. Karibu kila mgonjwa anakufa. Lakini kabla ya dalili, sabuni na chanjo vinaokoa. Tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister mwaka 1885 jambo hili linajulikana, na bado Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 59.000 hivi wanakufa kila mwaka, karibu wote katika Afrika na Asia. Kati ya watu wanaoumwa, wanne kwa kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Hapa nchini, mwaka 2014, waganga wa Kinshasa walichapisha katika jarida la kitiba habari za watoto 21 waliopatwa na ugonjwa huu katika mji mkuu.

Sasa, kwa nini mbwa asiuawe? Kwa sababu hakuna kipimo cha kuaminika cha kumpima mbwa akiwa hai. Maabara inahitaji ubongo wake, na vijana wakishamponda kichwa kwa chuma hata maabara haina la kufanya. Lakini mbwa aliye hai anatoa jibu mwenyewe. Virusi vinaingia kwenye mate siku chache tu kabla mbwa hajaonyesha dalili, na dalili zikianza, kwa siku chache amekufa. Kwa hiyo mbwa akimuuma mtu, na siku kumi baadaye bado anakula, anakunywa, anabweka kama kawaida, basi siku ile ya kuuma mate yake hayakuwa na virusi. Mbwa akiuawa, au akifukuzwa akapotelea mtaani, familia inabaki na mashaka.

Wakati huohuo mtoto hangoji siku kumi bila kutibiwa. Chanjo inaanza siku ileile, na kama mbwa atabaki mzima munganga anaweza kuisimamisha. Sisi tulizunguka. Kituo cha kwanza hakikuwa na chanjo. Cha pili kilituambia turudi Jumatatu. Mahali pa tatu, mbali na kwetu, tuliipata, tukalipa, na giza lilikuwa limeshaingia. Kuna sindano ya siku ya kwanza, ya siku ya tatu, ya siku ya saba, na nyingine zinafuata kulingana na utaratibu wa munganga. Kidonda kilichotoka damu kama kile kinahitaji pia seramu, ambayo inachomwa ndani na kandokando ya kidonda. Seramu hatukuipata popote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba matibabu haya baada ya kuumwa yanagharimu wastani wa dola 108 za Marekani. Kila msomaji wa Lubumbashi anajua dola 108 ni kitu gani kwa nyumba inayoishi kwa biashara ndogo.

Hapo ndipo tulipokumbuka kadi ya chanjo ya mbwa. Tulikuwa nayo! Ina muhuri, ina tarehe, ina sahihi. Munganga aliitazama, akauliza: nani alimchanja, na dawa ilitoka wapi?

Nilinyamaza, kwa sababu nilikumbuka vizuri. Alikuja bwana mmoja na pikipiki, anapita mlango kwa mlango, mfuko wa plastiki umening'inia kwenye usukani. Hakuna barafu, hakuna kisanduku cha baridi, jua la saa saba. Alichoma mbwa wanne wa barabara yetu, akaandika kadi nne, akaenda. Tulimlipa kwa furaha kwa sababu bei yake ilikuwa ndogo.

Chanjo ya mbwa inatakiwa kukaa kwenye baridi ya digrii 2 mpaka 8. Hapa lazima niwe mkweli, maana habari si mbaya kabisa. Watafiti waliofanya kazi Tanzania walionyesha kwamba aina moja ya chanjo ya kichaa cha mbwa, inayotumiwa sana, iliwapa mbwa kinga ileile hata baada ya kukaa miezi 6 katika joto la digrii 25, au miezi 3 katika digrii 30. Kwa nchi ambayo umeme unakatika usiku na mchana, hilo ni jambo kubwa. Lakini ile ni chanjo inayojulikana, iliyopimwa, iliyohifadhiwa kivulini na kuhesabiwa siku zake. Chupa iliyo kwenye mfuko wa bwana yule hatukujua ni ya aina gani, imepita wapi, imekaa juani siku ngapi, wala kama ndani yake mlikuwa na chanjo kweli. Munganga wa mtoto akaiweka kadi pembeni, na kwa maoni yangu alifanya vema.

Basi tukaanza kuchunga. Mbwa alifungwa nyuma ya nyumba, chakula kinasukumwa kwa fimbo, watoto hawaruhusiwi kupita. Watu wengi wanangoja kuona mbwa mkali anayekimbia ovyo na kutoa povu. Yupo wa namna hiyo. Yupo pia wa namna nyingine, aliye kimya: anajificha gizani, sauti inabadilika, taya la chini linalegea, mate yanatiririka, hawezi kumeza. Mwenye mbwa anafikiri mfupa umekwama kooni, anaingiza mkono mdomoni amsaidie. Mkono ule ukiwa na mchubuko, virusi vimepata mlango. Ukiona mbwa au paka wako hawezi kumeza, usiingize mkono, umwite veterinere.

Katika siku zile kumi nilikwenda kumtafuta munganga wa wanyama wa kweli, na nilijifunza kwamba mbwa wetu alikuwa hajatunzwa hata kidogo. Alikuwa analishwa, basi. Inashangaza kidogo, kwa sababu Lubumbashi si mji maskini wa elimu hii: chuo kikuu chetu, UNILU, kina kitivo kizima cha uganga wa wanyama. Lakini mbwa wa parseli tunamwona kama mlango wa chuma. Tunamweka kwa ajili ya wezi, na mlango wa chuma haupelekwi kwa munganga.

Mtoto wa mbwa, yule tunayemnunua kandokando ya barabara kutoka kwa vijana wanaomshika mkononi, mara nyingi amekuja na minyoo aliyoipata kwa mama yake hata kabla ya kuzaliwa. Dawa ya minyoo inaanza akiwa na majuma mawili na kurudiwa mara kadhaa. Hii si kwa ajili ya mbwa peke yake. Mayai ya minyoo hiyo yanabaki kwenye udongo wa parseli, na watoto wanaochezea udongo wanayameza. Yakipasuka tumboni, minyoo midogo inazunguka mwilini na inaweza kufika mpaka kwenye jicho.

Kisha kuna parvo. Wafugaji wengi wa mbwa mjini wanaijua bila kujua jina lake: mtoto wa mbwa wa miezi miwili au mitatu anaacha kula, anatapika, anaharisha damu yenye harufu mbaya sana, na kwa siku tatu amekwisha. Majirani wanasema amelishwa sumu. Ugomvi mwingi wa mtaani ungeisha kama watu wangejua kwamba aliyeua ni virusi, na kwamba virusi hivyo vinaweza kukaa ardhini miezi mingi vikimngoja mbwa mwingine. Chanjo yake inaanza kwenye majuma sita mpaka nane na kurudiwa kila majuma matatu au manne mpaka mbwa afikishe majuma kumi na sita, kwa sababu kinga ya maziwa ya mama inaweza kuizima sindano ya kwanza. Sindano moja haitoshi. Na chanjo hii haivumilii joto kama ile ya raje, kwa hiyo mfuko wa plastiki juani unaiharibu mapema. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida inatolewa kwenye miezi mitatu, kisha kurudiwa kama munganga anavyoelekeza, mara nyingi kila mwaka.

Paka tunamsahau kabisa, kwa sababu hatuna haja naye isipokuwa kwa panya. Paka naye anapata kichaa cha mbwa, mara nyingi kwa kuumwa na mbwa, na anakuja kulala kitandani na watoto. Achanjwe kama mbwa. Kuna jambo jingine ambalo veterinere alinirudilia mara mbili: paka mgonjwa asipewe paracetamol. Kidonge kimoja cha mtu mzima kinaweza kumuua, kwa kuwa ini lake haliwezi kuisafisha dawa hiyo. Vilevile dawa nyingi za kupe na viroboto za mbwa zina permethrin, ambayo kwa paka ni sumu. Anayeuza sokoni hatakuambia.

Kabla ya kumchoma mbwa wangu, veterinere yule alitoa chupa kwenye kisanduku chenye barafu, akanionyesha jina la chanjo na tarehe ya mwisho, akabandika karatasi ndogo ya chupa ile kwenye kadi mpya, akaandika namba yake ya simu. Sikujua kwamba ningeweza kuyadai hayo yote. Yeyote anayekataa kukuonyesha chupa, usimpe mbwa wako, hata akikuuzia kwa bei ya mkate.

Kwa mji mzima hesabu ni nyingine. Wataalamu wanasema mbwa saba kwa kumi wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita na watu wanaacha kufa. Mashirika ya kimataifa ya afya ya watu na ya wanyama yamejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa. Kuwaua mbwa wa mitaani hakuleti matokeo hayo; wanaouawa wanakuja wengine ambao hawajachanjwa. Sindano ya mbwa mmoja ni sehemu ndogo sana ya bei ya matibabu ya mtoto mmoja. Kama komini zetu zingepanga siku ya chanjo, barabara kwa barabara, kama tunavyofanya kwa polio, watu wangekuja. Mbwa hao wengi wana wenyewe na wana majina. Wanazurura kwa sababu parseli haina ukuta.

Siku ya sita mbwa alikataa chakula cha asubuhi. Dada yangu hakulala usiku ule. Alikaa kwenye kiti mbele ya dirisha na tochi ya simu, na mimi nikiwa naye, tukisikiliza kama sauti ya kubweka imebadilika. Saa tisa usiku mbwa alibweka kwa sababu ya mlevi aliyekuwa anapita, kwa sauti yake ya siku zote, na dada yangu akaanza kulia. Asubuhi alikula. Pengine chakula cha jana kilikuwa kimechacha tu.

Siku ya kumi munganga alituambia sindano zilizobaki si lazima. Mbwa amechanjwa tena, safari hii kwa chupa niliyoiona, na amejengewa banda lenye mlango. Mtoto bado hapiti upande ule wa parseli.