Tdi ndani ya 109: hesabu ya kupanda na kushuka Upare

Kiwanda cha Solihull, Uingereza, kiliacha kutengeneza Land Rover 109 mwaka 1985. Milima ya Upare haijaziacha. Kwenye njia zinazopanda kutoka Same kwenda Mbaga, Chome au Mamba, ambako mvua ikinyesha gari dogo halithubutu, 109 bado hubeba abiria, mabati, saruji na magunia ya tangawizi. Namba hiyo ni inchi, umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, takriban mita 2.77. Lakini ukifunua boneti, mara nyingi huikuti injini iliyotoka kiwandani na gari. Unakuta Tdi, injini ya dizeli yenye turbo, ya lita 2.5, iliyong'olewa kwenye Defender au Discovery ya miaka ya 1990.

Kwa nini Tdi? Sababu moja iko kwenye vipimo. Injini ya petroli ya 109 ina silinda nne zenye kipenyo cha milimita 90.47, na pistoni husafiri milimita 88.9. Tdi ina kipenyo hichohicho. Safari ya pistoni ndiyo iliyorefushwa hadi milimita 97. Ni injini za ukoo mmoja, hivyo giaboksi ya 109 huipokea Tdi kwa urahisi zaidi. Anayepachika injini ya Isuzu au Nissan hana bahati hiyo. Inambidi akerezewe sahani nene ya chuma ya kuunganisha injini na giaboksi, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Shafti inayoingia kwenye giaboksi lazima ikae mstari mmoja na krankshafti. Zikipishana hata kwa sehemu chache za kumi za milimita, beringi huanza kulia, klachi inashika kwa kutetemeka, na baada ya muda giaboksi inarudi gereji. Fundi makini hufunga kipimo cha mshale kwenye flaiwili, kisha huizungusha taratibu kwa mkono huku akisoma mshale, kabla ya kukaza boliti za mwisho. Asiye makini hupima kwa jicho.

Sababu nyingine ni hewa. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa kuwa hewa inazidi kuwa nyepesi. Same mjini pako kama mita 860 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Shengena kinafika mita 2,462. Turbo hutumia moshi unaotoka kwenye injini kuzungusha feni inayosukuma hewa ndani ya silinda, na sehemu kubwa ya hasara hiyo hufidiwa. Wafua chuma wa Ugweno, Upare Kaskazini, waliitumia kanuni hii kwa mivukuto karne nyingi kabla ya gari la kwanza kufika: ukitaka moto mkali, lazimisha hewa. Chuma chao kilinunuliwa mpaka Uchagani.

Sasa tupige hesabu. Chukua 109 yenye kilo 2,700 pamoja na mzigo, kwenye njia inayopanda mita 20 kwa kila mita 100. Ili isogee, magurudumu yanahitaji nguvu ya mzunguko ya kama nyutoni-mita 2,500. Gia ya pili, ukijumlisha kazi ya transfa na difu, huzidisha nguvu ya injini mara 12. Injini ya petroli hutoa nyutoni-mita 165 hivi. Ukitoa kinachopotea kwenye msuguano wa gia, magurudumu yanapata chini ya 1,700. Haipandi, dereva anarudi gia nzito na kutambaa. Tdi hutoa 265, tena kwenye mizunguko 1,800 tu kwa dakika. Gia ileile ya pili sasa inafikisha 2,700. Inapanda.

Wapo wanaoamini kwamba injini yenye nguvu itawatoa pia kwenye tope. Haitawatoa. Kwenye gia ya kwanza nzito kabisa, hata injini ya zamani huzidishiwa nguvu mara 40, zaidi ya utelezi unavyoweza kupokea. Ukiongeza nguvu unaongeza tairi kuzunguka bure. Hapo kazi ni ya tairi, minyororo na mguu mtulivu wa dereva.

Na ile asilimia 60 ya nguvu iliyoongezeka lazima ipite mahali. Inapita kwenye meno ya giaboksi iliyoundwa kwa injini dhaifu, kisha propela, difu na shafti za ekseli. Kwenye 109 za zamani zaidi shafti za nyuma zina meno 10 tu upande wa difu, na hukatika. Ndiyo maana wenye uwezo hununua Tdi pamoja na giaboksi yake ya gia tano. Joto nalo lina hesabu yake: hedi ya Tdi ni ya alumini, bloku ni ya chuma, na alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Ukipanda polepole huku rejeta imeziba vumbi, hedi hupinda na gasketi huungua. Injini ya zamani ilikuwa na hedi ya chuma na cheni ya taimingi. Tdi ina mkanda, na mkanda usiobadilishwa kwa wakati ukikatika, vali na pistoni hugongana.

Kushuka ndiko kunakonitia hofu zaidi. Gari hilohilo la kilo 2,700 likishuka mita 900 hadi tambarare huachia nishati inayotosha kuchemsha lita 70 za maji. Nishati hiyo lazima imezwe na injini au na breki. Injini ya petroli hushikilia gari kwa kufunga njia ya hewa. Dizeli haina kizuizi hicho, kwa hiyo gia nzito ndiyo tegemeo. Anayeshuka kwa gia ya tatu kwa sababu gari sasa lina kasi anaiachia kazi yote breki za dramu. Zikipata moto hupoteza mshiko, na mafuta ya breki yaliyozeeka, yaliyonyonya unyevu, huchemka na pedali huzama hadi chini. Nimeona gereji ambako injini iling'arishwa na breki hazikuguswa kabisa. Hilo si jambo la kuvumilia kwenye gari la abiria.

Kwa hiyo, ndugu mwenye 109, kabla hujaenda kutafuta Tdi, toa magurudumu yote manne. Badilisha breki shuu, pampu na mafuta ya breki, kagua shafti na difu, safisha rejeta. Kinachobaki mfukoni ndicho cha kununulia injini. Na ukishaifunga, peleka namba yake mpya TRA irekebishwe kwenye kadi ya gari.