Pasiansi hadi Dodoma kwa Siku Moja: Saa ya Kuondoka Singida

Barua ya kuitwa kwenye usaili wa kazi, miadi ya matibabu katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, mtoto anayeripoti Chuo Kikuu cha Dodoma kwa mara ya kwanza: sababu zinazowapeleka wakazi wa Kata ya Pasiansi makao makuu ya nchi zimeongezeka tangu Serikali ilipohamia huko. Wengi hupanda basi. Hata hivyo, zipo familia, na yapo makundi ya vijana wanaochangiana mafuta, wanaochagua kwenda kwa gari dogo, waondoke alfajiri na kulala Dodoma usiku ule ule ili asubuhi wawe mlangoni kwa wakati.

Safari hiyo inawezekana. Barabara yote ni ya lami, na umbali kutoka Mwanza hadi Dodoma ni takriban kilomita 700. Wenye umri mkubwa hapa Pasiansi wanakumbuka enzi ambapo msafiri wa Mwanza aliyekuwa akienda Dar es Salaam alipitia Sirari, Nairobi na Namanga, akibeba hati za kusafiria ili afike mji mwingine wa nchi yake mwenyewe. Kizazi cha leo hakiijui adha hiyo, na pengine ndiyo maana huichukulia safari ya Dodoma kwa wepesi kupita kiasi. Kosa linalorudiwa zaidi ni kuhesabu kilomita na kusahau kuhesabu saa za mwanga.

Hesabu yenyewe ni hii. Mwanza hadi Shinyanga ni takriban kilomita 165; Shinyanga hadi Nzega, kupitia Tinde, ni 80; Nzega hadi Singida, kupitia Igunga na Shelui, ni 210; na Singida hadi Dodoma, kupitia Manyoni na Bahi, ni 245. Dereva akitazama namba hizo hujiambia kwamba kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa atatumia saa saba. Hatatumia saa saba. Njia hii imepita katikati ya vijiji na miji midogo mingi, na kila penye makazi kuna kibao cha kilomita 50 kwa saa, matuta, watoto wa shule, baiskeli na mifugo. Mabasi na malori hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na mara nyingi gari dogo hulazimika kutulia nyuma yao hadi njia iwe wazi. Askari wenye tochi nao wapo, na muda unaotumika kuandikiwa faini ni mrefu kuliko muda uliookolewa kwa kukimbia. Wastani wa kweli kwa dereva anayetii alama ni kama kilomita 65 kwa saa. Maana yake ni saa kumi na dakika 45 za kuendesha, na ukijumlisha mapumziko, saa kumi na mbili na nusu tangu kufunga mlango wa nyumba hadi kuzima gari.

Saa kumi na mbili na nusu ni zaidi ya mchana wenyewe. Katika ukanda wetu jua hukaa angani kwa takriban saa kumi na mbili tu, mwaka mzima. Dodoma iko mashariki ya Mwanza, kwa hiyo giza huingia huko mapema zaidi kwa kama dakika kumi na moja: jua hutua kati ya saa 12:30 jioni na saa 1:00, kutegemea mwezi. Msafiri anayeelekea mashariki anaukimbilia usiku. Akiondoka Pasiansi saa 11:00 alfajiri anafika Dodoma saa 11:30 jioni, akiwa na akiba ya saa moja ya mwanga kwa ajili ya pancha, foleni au mvua. Akiondoka saa 1:00 asubuhi, baada ya chai na kuagana na kila mtu, kilomita zake za mwisho atazipita gizani.

Na kilomita hizo za mwisho si za kupitiwa gizani na dereva aliyechoka. Baada ya Manyoni barabara hushuka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Kintinku na Bahi. Malori yaliyosheheni hushuka polepole kwa gia nzito, mengine hupanda kwa kuhema, na mara kwa mara moja huharibika na kusimama pale pale lilipoishiwa nguvu. Onyo la kwanza aghalabu si pembetatu ya tahadhari bali ni matawi mabichi ya miti yaliyotandazwa juu ya lami, mita chache kabla ya lori lenyewe. Mchana matawi hayo huonekana kwa mbali. Usiku, mbele ya taa za gari linalokuja, huonekana yakiwa tayari chini ya magurudumu. Ng'ombe wa Wagogo wanaorudi zizini jioni nao hawana taa.

Kwa sababu hiyo, uamuzi mkubwa wa safari hii haufanywi Dodoma wala Mwanza. Unafanywa Singida, na unapaswa kuwa umekwisha kukubaliwa na wote waliomo garini kabla ya kuondoka nyumbani. Kanuni ni moja: gari ambalo halijaondoka Singida kufikia saa 8:30 mchana lilale Singida. Kutoka hapo kuna karibu saa tatu na dakika 45 za kuendesha. Anayeondoka saa 8:30 anafika Dodoma saa 12:15 jioni, mwanga ukiwa bado upo. Anayeondoka saa 10:00 atakuwa Kintinku wakati wa magharibi. Nyumba za wageni Singida zipo za kila kipimo cha mfuko, na kesho yake, akiondoka saa 11:00 alfajiri, anafika Dodoma kabla ya saa 3:00 asubuhi. Kwa hiyo mwenye usaili au miadi ya saa 2:00 asubuhi asipange kusafiri siku moja kabla. Asafiri siku mbili kabla, ili kulala Singida kusimgharimu nafasi yake. Wanaopata ajali katika kilomita za mwisho mara nyingi ni watu waliokuwa na sababu nzuri ya kuwahi.

Kanuni hiyo inatakiwa kusemwa mapema kwa sababu saa 9:00 alasiri, tumbo likiwa limejaa kuku wa kienyeji, kila mtu garini hupata hoja ya kuendelea. Dereva huona aibu kusema amechoka. Waliochanga fedha huona gharama ya chumba kuwa hasara. Ikiwa saa imekwisha kuwekwa, hakuna anayelaumiwa.

Kutoka Pasiansi kuna njia mbili za kulitoka jiji. Ya kwanza ni kupita Kirumba na katikati ya mji, kisha Barabara ya Kenyatta hadi Mkuyuni, Nyegezi, Buhongwa na Usagara. Saa 11:00 alfajiri hii ndiyo fupi na haina msongamano. Ya pili ni kupita Sabasaba, Kiseke na Buswelu hadi Barabara ya Musoma, kisha Kisesa, na kutoka hapo barabara ya mchepuko ya Kisesa hadi Usagara. Ni ndefu zaidi, lakini aliyechelewa na kukuta magari yamekwisha kujaa mjini anaweza kuifikiria. Usagara kuna mizani ya magari yenye uzito unaozidi tani 3.5, gari dogo halihusiki, ila foleni ya malori huweza kupunguza mwendo wa wote.

Kutoka Usagara njia hupita Misungwi, Mabuki na Hungumalwa, kisha Maganzo hadi Shinyanga. Kituo cha kwanza cha kupumzika kiwe Shinyanga, kama saa 2:00 asubuhi: chai, choo, kutazama matairi, dakika ishirini. Tinde ni mahali pa kuwa macho, kwa kuwa barabara inagawanyika. Upande mmoja huelekea Isaka na Kahama, mwingine Nzega. Nzega nako kuna njia panda ya Tabora. Hapa ndipo dereva wa pili ashike usukani. Sheria ya usafiri wa abiria huyataka mabasi ya safari inayozidi saa nane kuwa na madereva wawili. Gari la familia halibanwi na sharti hilo, lakini mwili wa dereva wa familia hauna nguvu kuliko wa dereva wa basi. Mwenye gari asiye na mtu wa kupokezana naye, mwenye leseni hai, apande basi. Halmashauri haiwezi kumlazimisha, ila ushauri wenyewe hauna masharti.

Igunga inapokwisha huja tambarare ya Wembere, iliyonyooka, yenye joto na usingizi mwingi. Baada ya Shelui barabara hupanda mlima wa Sekenke, mahali palipochimbwa dhahabu tangu enzi za Wajerumani. Kona za Sekenke ni kali na malori hupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Asiyeona mbele asilipite lori, hata akipewa ishara na utingo wake. Utingo haoni kila kitu, na hatabeba lawama. Juu ya mlima upepo hubadilika. Singida ni nchi ya upepo, na gari lenye mizigo kwenye keria hulihisi hilo.

Mlo wa mchana uwe Singida, kama saa 7:00, na uwe mwepesi. Mafuta ya alizeti na asali vinunuliwe wakati wa kurudi.

Kuhusu mafuta ya gari: linalokwenda kilomita 12 kwa lita moja litahitaji lita 58 hivi kwenda tu, na lile la kilomita 9 kwa lita litahitaji 78. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, kwa hiyo hesabu ya mchango ifanywe kwa bei ya mwezi wa safari. Vituo vipo katika miji yote iliyotajwa. Jambo la busara ni kutoruhusu tangi lishuke chini ya nusu kabla ya Singida. Hapa pia kuna suala ambalo vijana wanaokodi gari kwa pamoja hulipuuza. Gari binafsi kubeba abiria kwa nauli bila leseni ya LATRA ni kosa, na ajali ikitokea, bima iliyokatwa kwa matumizi binafsi inaweza kukataa kulipa. Waulize bima ni ya aina gani kabla ya kutoa fedha.

Gari likaguliwe na fundi siku tatu kabla, wala si jioni ya kuamkia safari, kwa sababu kifaa kikikosekana Mwanza usiku hakitapatikana. Matairi yatazamwe yote matano. Jeki, pembetatu mbili na mtungi wa kuzimia moto viwe mahali panapofikika, visifukiwe chini ya mabegi. Kuanzia Novemba hadi Aprili, ambapo mikoa ya Singida na Dodoma hupata mvua zake, utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usikilizwe usiku wa kuamkia safari. Mvua kubwa huongeza saa nzima, na saa hiyo hutolewa kwenye akiba ile ile ya jioni. Namba ya dharura ya Polisi ni 112, na ya Zimamoto ni 114. Anayepiga ataje jina la kijiji alichokipita mwisho na upande anakoelekea.

Wapo wanaouliza kama inawezekana kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Hizo ni kilomita 1,400, na zaidi ya saa ishirini za kuendesha. Jibu ni hapana. Mwenye haraka ya namna hiyo apande basi la usiku kutoka Stendi ya Nyegezi, kwa kuwa tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri saa 24. Atalala kitini na mwingine ataendesha.

Wakati wa kurudi, kanuni ya Singida huhamia Nzega. Kutoka Nzega hadi Mwanza ni kilomita 245, sawa kabisa na Singida hadi Dodoma, na saa ya mwisho ya kuondoka ni ile ile, 8:30 mchana. Nafuu ni kwamba safari hii inafuata jua: zile dakika kumi na moja zilizopotea wakati wa kwenda hurudishwa.

Jambo moja huwashangaza wanaofika Dodoma kwa mara ya kwanza. Barabara ya Mwanza huingia mjini kutoka magharibi, ilhali Stendi Kuu ya Nanenane iko Nzuguni, na Chuo Kikuu pamoja na Hospitali ya Benjamin Mkapa navyo viko upande wa mashariki. Anayepokelewa na ndugu huko aongeze nusu saa ya kulivuka jiji jioni, na amjulishe mwenyeji wake akiwa Bahi ili asianze kumsubiri barabarani mapema.