Utathubutu kuinywesha pikapu yako pombe?

JE, mpenzi msomaji, umewahi kusimama kando ya barabara itokayo Malindi kwenda Kilifi alfajiri? Utaona pikapu zimesheheni maembe na madafu, vijana wamekalia mizigo. Kwa nyumba nyingi, pikapu hiyo ndiyo karo na ndiyo chakula cha jioni. Petroli ikipanda bei, hata sufuria jikoni hujua.

Si ajabu basi kwamba watu hutega sikio waambiwapo kuwa huko Brazil magari hunywa pombe. Habari hiyo ni ya kweli. Tangu mwaka 2003 huuzwa huko magari yanayokubali petroli, ethanoli, au mchanganyiko wowote wa hizo mbili.

Ethanoli ni kileo kile kile kilichomo ndani ya tembo la mnazi. Tofauti ni kwamba tembo kwa sehemu kubwa ni maji, ilhali ethanoli ya kuchanganywa na petroli husafishwa hadi karibu maji yote yatoke. Wala kwetu si jambo geni. Kuanzia 1983 hadi 1993 Kenya ilikuwa na mpango wa gasoholi, yaani petroli iliyotiwa ethanoli asilimia 10. Ethanoli hiyo ilitengenezwa Muhoroni kutokana na molasi ya miwa.

Tuseme nawe wataka kujaribu. Kwanza, ijue injini yako. Ikiwa ni ya dizeli, koma hapo hapo. Ethanoli si chakula chake. Ikiwa ni ya petroli, soma kitabu cha gari. Magari mengi ya kisasa huvumilia asilimia 10. Yale ya zamani yenye kabureta yaweza kukusumbua, kwani ethanoli hudhuru baadhi ya mipira na kung'oa uchafu uliolala tangini miaka mingi, ukaenda kuziba chujio.

Mchanganyiko wa asilimia 85 ni wa magari yaliyoundiwa kazi hiyo tu. Kilo moja ya petroli huhitaji kilo 14.7 hivi za hewa ili iungue sawasawa. Ethanoli huhitaji kilo 9 tu. Kwa hivyo injini lazima ipewe mafuta mengi zaidi kwa hewa ile ile. Gari la Brazil lina kifaa kwenye bomba la moshi kinachopima oksijeni, kisha kompyuta huongeza au kupunguza mafuta. Gari la kawaida halina uwezo wa kujirekebisha kiasi hicho. Litakohoa, likose nguvu, na fundi atafurahi.

Pili, piga hesabu. Lita ya ethanoli ina kama thuluthi mbili tu za nguvu ya lita ya petroli. Pikapu inayokwenda kilomita 10 kwa lita ya petroli itakwenda saba na kitu kwa mchanganyiko wa asilimia 85. Bei isipopungua kwa zaidi ya robo, umepata hasara ukicheka.

Tatu, wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa pwani mgema hahitajiki. Hewa yenyewe ina maji. Ethanoli hupenda maji, petroli huyakimbia. Katika mchanganyiko wa asilimia 10, maji yakizidi kama nusu ya asilimia moja, ethanoli huiacha petroli, ikafuatana na maji hadi chini ya tangi. Huko chini ndiko pampu inakonyonya! Walio hatarini zaidi ni wenye kuegesha gari na tangi nusu msimu mzima wa masika, au kuweka mafuta kwenye mtungi usiofunika vizuri. Ukitumia mchanganyiko, jaza tangi, funga kifuniko barabara, na usiliache gari likalala miezi.

Lakini kuna swali kubwa kuliko la fundi: mafuta hayo yatalimwa kwa nani? Watu wa Magarini hawajasahau msitu wa Dakatcha. Zaidi ya miaka kumi iliyopita kampuni ya kigeni ilitaka hekta 50,000 za huko ipande mbono kaburi, mmea ambao mafuta yake hufaa injini za dizeli. Wenyeji waliohofia mashamba yao walipinga. Watetezi wa mazingira nao walipinga, kwani msituni humo huishi kwera adimu asiyepatikana popote duniani nje ya Kilifi. Mpango ukakwama.

Molasi ni masalio ya sukari. Haimnyang'anyi mtu shamba lake. Hapo ndipo penye tofauti. Siku utakapoletewa habari za mafuta mapya ya bei nafuu, msomaji, usiulize bei ya lita peke yake. Uliza injini yako itasemaje, na uliza ni sahani ya nani iliyoondolewa mezani ili tangi lako lijae.