Tanga Mbili: Majira Yageukapo, Moyo Nao Upandishwe Pwani

Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kuitazama kalenda ya ukutani ili tujue kwamba mwaka wageuka. Upepo hutuambia. Kaskazi, ivumayo tangu Disemba hadi Machi hivi, huja na jua kali. Kusi, iingiayo Aprili na kushika nguvu Juni na Julai, huja na mvua, mawimbi na baridi ya kipupwe. Na baina ya pepo hizo mbili pana siku chache ambazo upepo hauna mwenyewe: asubuhi watoka huku, jioni watoka kule, na pengine hautoki popote. Wazee wetu wa baharini waliziita siku hizo maleleji, au tanga mbili.

Leo nataka kuzungumza na msomaji juu ya siku hizo, na juu ya mtu mmoja aliyezipita mara nyingi asijifunze kitu. Mtu huyo ni mimi.

Marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa nahodha wa jahazi la kuchukua boriti kutoka Lamu hadi Mombasa. Kila tanga mbili ilipoingia, alingoja maji makuu ya bamvua, akalipandisha jahazi lake pwani. Maji yakitoka, chombo hubaki kimeegemea magogo, ubavu wake wote u wazi. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mabaharia walikwangua magamba na mwani, wakawasha moto wa makuti chini ya chombo kuua vidudu vitoboavyo mbao, wakakalafati nyufa kwa pamba iliyotiwa mafuta, kisha wakapaka deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Mbao za juu zilipakwa sifa, mafuta ya papa, ambayo harufu yake haikutoka nguoni mwangu hata kwa sabuni.

Siku moja nilimwuliza, "Baba, mbona chombo hakivuji na bado wakipandisha?"

Akanijibu bila ya kuinua kichwa, "Mwanangu, chombo hakingojwi kivuje. Majira yakigeuka, kinapandishwa."

Sikuyaelewa maneno yale kwa muda mrefu sana.

Jambo la kwanza ambalo yafaa tulikumbuke ni kwamba Mwislamu wa pwani huishi na hesabu mbili za mwaka. Moja ni ya jua, nayo ndiyo iendeshayo pepo, mvua, kilimo na uvuvi. Wazee waliihesabu kwa Nairuzi, neno lenye asili ya Kiajemi lenye maana ya siku mpya, wakaigawa katika miongo ya siku kumi kumi. Hadi leo wenzetu wa Makunduchi, Unguja, huiadhimisha siku hiyo kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Hesabu ya pili ni ya mwezi, nayo ndiyo ya ibada. Mwaka wake una siku 354 au 355, yaani ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku zipatazo 11.

Siku 11 huonekana chache, lakini tazama zifanyavyo kazi. Kila mwaka Ramadhani husogea nyuma kwa siku hizo, ikatoka katika jua la kaskazi, ikapita vuli, ikapita kipupwe, ikaingia masika, hata baada ya miaka 33 hivi ya jua ikarejea pale pale ilipoanzia. Majina yenyewe ya miezi yana kumbukumbu ya majira ya kale ya Arabuni: Rabi'i ni msimu wa machipuko, na Ramadhani yatokana na neno la joto liunguzalo. Lakini miezi haikufungwa katika majira hayo. Ibada yetu yazunguka, ili asiwepo mja duniani aliyepewa funga ya baridi maisha yake yote, wala aliyepewa ya joto maisha yake yote.

Na sisi Waswahili tuna ada yetu nzuri katika kuihesabu miezi hiyo. Baada ya Ramadhani twaanza kuhesabu upya: Shawwali ni Mfungo Mosi, Dhulqaada ni Mfungo Pili, Dhulhija ni Mfungo Tatu, hata tukafika Mfungo Sita, ambao ni mwezi wa Maulidi. Yaani babu zetu walimpima mtu kwa umbali wake na Ramadhani iliyopita. Aulizwapo mtu leo ni Mfungo wa ngapi, ni kama aulizwaye: je, ile saumu yako ingaliko nawe, au umeshaiacha nyuma?

Hata zaka imo katika hesabu hii. Zaka ya mali hutimia kwa mwaka wa mwezi. Mfanyabiashara aitoaye kila mwaka kwa kufuata kalenda ya ofisini, katika miaka 33 atakuwa ameruka zaka ya mwaka mmoja mzima bila ya kujua. Ni heri kuchagua mwezi maalumu wa Kiislamu na kuushika.

Sasa nirudi kwa mambo yangu mwenyewe. Nilifunga Ramadhani yangu ya kwanza kamili mwaka wa 1985, nikiwa mtoto wa miaka tisa. Mwezi ulianza Mei ikielekea mwisho, masika imeshika, mifereji ya Mji wa Kale yabubujika maji. Nakumbuka nilivyoketi barazani na mdogo wangu, tukingoja mwadhini, tende tatu mkononi mwa kila mmoja. Mdogo wangu alikuwa bado hafungi, lakini alikataa kula mbele yangu. Alizishika tende zake hata adhana ilipolia.

Mwaka wa 2018 Ramadhani ilirejea masika. Ilianza katikati ya Mei, na mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi mno nchini kote. Duara la miaka 33 lilikuwa limetimia. Nami nilikuwa mtu mzima mwenye kanzu safi, mwenye nafasi yake katika safu ya mbele, ambaye hakukosa tarawehe. Lakini na mdogo wangu yule wa tende tatu tulikuwa hatusemezani kwa miaka sita.

Sababu yake sitaificha, kwani aibu yake ni yangu. Baba alipofariki alituachia nyumba, sisi watoto watatu: wana wawili na binti mmoja. Kwa hesabu ya mirathi nyumba ile ni mafungu matano. Mimi mawili, mdogo wangu mawili, na dada yetu moja. Vyumba vya chini vilikuwa na wapangaji. Mimi, kwa ukubwa wangu, ndimi niliyepokea kodi. Mwanzo nilisema nangoja ziwe nyingi ili nizigawe. Kisha nikasema nimezitengenezea paa. Mwishowe sikusema kitu, na mdogo wangu aliponiuliza nilimwita mkosefu wa adabu. Akaondoka, asirudi tena.

Katika Shaaban ya mwaka ule, kama ilivyo ada yetu, nilipita kwa majirani kuombana radhi. Ni jambo jepesi kumwomba radhi mtu usiyemkosea. Nilikwenda nyumba kwa nyumba, nikapeana mikono na watu, na kila nilipofika njia ya kwenda kwa mdogo wangu nilikata kona.

Usiku mmoja wa mwanzo wa Ramadhani, sheikh wa msikiti wa mtaani kwetu alitufasiria Suratu Quraish. Sura yenyewe ni fupi, ina aya nne tu, nami nimeisoma tangu chuoni. Alieleza kwamba Mwenyezi Mungu aliwakumbusha Makureshi safari zao mbili, ya msimu wa baridi na ya msimu wa joto, ambazo ndizo zilizowapa riziki, kisha akawaamrisha wamwabudu Mola wa nyumba ile, aliyewalisha na kuwapa amani. Sheikh akasema, "Nasi wa pwani tumekula kwa kaskazi na kusi. Tende na mazulia vilikuja kwa kaskazi, boriti zikaenda kwa kusi. Aliyezigeuza pepo hizo hakukuomba umlipe. Amekwambia umwabudu. Je, wamwabudu kwa tumbo lenye haki ya nani?"

Sheikh hakujua mambo yangu. Lakini maneno yale yalinipata mimi. Nilikumbuka jahazi la baba lililoegemea magogo, na mafundi wakigongagonga ubao mmoja mmoja. Fundi hajali mbao zilizo nzima. Hutafuta ulipo ufa. Nami miaka sita nilikuwa nikipaka deheni mbao zangu nzima, sala, tarawehe na kanzu, na ufa niliujua ulipo.

Usiku ule ule, baada ya tarawehe, nilikwenda. Mvua ilininyea hata nikafika nimerowa. Mdogo wangu alifungua mlango nusu, akanitazama.

"Kaka, umekuja kwa ajili ya mwezi au kwa ajili yangu?"

Sikuwa na jibu zuri. Nikamwambia, "Nimekuja na daftari la kodi."

Hakunikumbatia. Alilichukua lile daftari, akaniambia atalitazama pamoja na dada yetu, akanitakia usiku mwema. Nilirudi nyumbani nikidhani nimejiaibisha bure. Siku nne hazikupita, akaja mwanawe mdogo na ujumbe: baba asema mje mfuturu. Tulipoketi, hakuna aliyezungumza habari ya nyumba. Adhana ilipolia, mdogo wangu alinisogezea sahani ya tende, akachukua tatu, akazishika mkononi kidogo kabla ya kula. Nilijua kwamba hakusahau.

Deni lile halikwisha kwa machozi. Tuliandikiana mbele ya mashahidi, nami nililipa kidogo kidogo hata mwaka wa 2021. Haki ya Mwenyezi Mungu mja huitubia kwa Mola wake. Haki ya mja mwenzio sharti uirudishe.

Mpenzi msomaji, watu wengi hutaka kuhuisha imani yao kwa kuongeza: nyiradi zaidi, hitima zaidi, kanzu mpya. Hayo ni mema. Funga sita za Mfungo Mosi, funga ya Jumatatu na Alhamisi, siku nyeupe za tarehe 13, 14 na 15 za kila mwezi, zote ni akiba njema. Lakini upepo ugeukapo, na mawimbi ya kusi yaanzapo kupiga, anza kwa kukipandisha chombo. Jiulize: ni nani nisiyempitia mlangoni? Ni fedha ya nani iliyomo katika futari yangu? Mtume wetu (S.A.W.) alitukataza kumhama ndugu zaidi ya siku tatu, na sisi twahesabu miaka.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ramadhani ya masika, iliyonikuta mtoto, ilinirudia na nywele nyeupe. Atakayeiona mara ya tatu ni mwenye umri mrefu. Kaskazi na kusi zitaendelea kupokezana tuwepo tusiwepo. Mola atujaalie chombo chetu kikutwe kikavu, kimekalafatiwa, na majirani wote wa ubavuni wako radhi nasi. Amin.